Ajali Ina Kinga

Upo msemo uliozoeleka mno katika nchi yetu, nao huandikwa hata migongoni mwa malori: ajali haina kinga. Msemo huu hutufariji wakati wa msiba, nasi hatuna ugomvi na faraja. Lakini faraja ikigeuzwa kuwa kanuni ya kazi, hapo huwa ni udhuru tu. Leo twapenda kuuzungumza msemo huo mahali ambapo madhara yake hayaonekani barabarani wala hayatangazwi, yaani nyuma ya nyumba zetu, chini ya motokaa kuukuu zinazotengenezwa uani bila ya gereji, bila ya sakafu, na mara nyingi bila ya kitu chochote cha kulishika gari isipokuwa jeki moja.

Tuutazame mfano wa Ndama, katika Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Hiyo ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Nyumba imo ndani ya kibanja, uwanja wake ni wa udongo, na njia ya kuingilia ama hupanda ama huteremka. Ndivyo ilivyo pia Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipofanywa wilaya peke yake mwaka 2012. Katika nchi ya namna hiyo motokaa kuukuu haitupwi. Mkungu wa ndizi na gunia la kahawa haviulizi gari limeundwa mwaka gani. Vyauliza kama litafika. Mzee mwenye Land Rover ya miaka ya 1960, au mwenye Peugeot ya miaka ya 1970, haihesabu kuwa takataka. Aihesabu kuwa mali yake, na pengine kuwa fahari ya ukoo wake.

Nasi twamuunga mkono. Land Rover zilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, na bodi yake ya aluminiamu haili kutu kama bati la chuma. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, ikashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968, juu ya njia za vumbi na tope ambazo watu wetu wanazijua vizuri. Magari haya yaliundwa yafunguliwe kwa spana za kawaida na kufungwa tena. Ilipofika miaka ya mwisho ya 1970 na miaka ya 1980, vipuri vilipoadimika nchini kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni, mafundi wetu waliyafanya yatembee kwa akili na mikono yao. Hiyo ni historia ya heshima, wala hatutaki mtu aidharau.

Lakini kubana matumizi ya chuma ni jambo moja, na kubana matumizi ya uhai wa mtu ni jambo jingine kabisa. Mwenye gari akikataa kununua kabureta mpya kwa kuwa ya zamani yaweza kusafishwa, huyo ni mtu mwenye busara. Akikataa kununua vipande vinne vya mti mgumu vya kulikalisha gari, akamwambia kijana alale chini yake hivyo hivyo, huyo hakubana matumizi. Amemtwika mwenzake gharama ambayo yeye mwenyewe hakutaka kuilipa.

Twende taratibu, tuitazame kazi yenyewe. Land Rover ya zamani huwa na uzito unaozidi tani moja. Jeki imetengenezwa kwa ajili ya kuinua uzito huo kwa dakika chache; haikutengenezwa kuushika mtu akiwa chini yake. Jeki ya mafuta huweza kushuka kwa sababu ya mpira mmoja mdogo uliochakaa ndani, mpira ambao hauonekani kwa macho. Jeki ya kuzungusha huweza kuanguka upande gari likitikiswa kidogo tu, na fundi anayelegeza nati iliyoshikwa na kutu hana budi kulitikisa gari. Ongeza hapo udongo wa Karagwe wakati wa mvua za vuli au za masika. Kitako cha jeki ni kidogo kama kiganja. Asubuhi kimesimama imara, na alasiri baada ya manyunyu kimekwisha kuzama upande mmoja.

Wako wanaodhani kwamba wamejilinda kwa kuweka matofali. Twasema waziwazi kwamba tofali la kuchoma si kinga. Tofali hubeba ukuta kwa sababu mzigo wa ukuta umeenea juu yake sawasawa. Likibanwa na ncha ya chuma mahali pamoja hupasuka ghafula, bila ya kutoa ishara. Jiwe la mviringo nalo hubingirika. Kinachofaa ni stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo; na zisipopatikana, basi ni vipande vya mti mgumu, vipana na vilivyopasuliwa sawa, vikipangwa viwili viwili kwa kupishana kama watoto wapangavyo vijiti vya kuchezea, mpaka vifike chini ya ekseli au chini ya fremu ya gari. Vipangwe pande zote mbili. Jeki isimame juu ya ubao mpana. Magurudumu yanayobaki chini yatiwe kabari mbele na nyuma. Gurudumu lililotolewa lisiachwe kando lipigwe jua. Lilazwe chini ya fremu, ili gari likianguka liliangukie hilo kwanza. Kisha, kabla mtu hajaingia, gari lisukumwe kwa nguvu kwa mkono. Likitikisika, kazi ianze upya. Yote haya huchukua robo saa.

Kuhusu Land Rover za zamani pana jambo moja ambalo yafaa kila mwenye gari hilo alijue. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Maana yake ni kwamba gurudumu moja la nyuma likiinuliwa juu, difu huliacha hilo lizunguke ovyo, na gari huweza kuteremka ingawa breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho. Mtu aliyezoea magari mengine huitegemea breki hiyo kwa moyo mweupe. Katika uwanja ulioinama, kama zilivyo nyanja nyingi za Ndama, imani hiyo yaweza kumgharimu uhai. Kabari mbili za mti zamtosha kumlinda.

Jambo la pili ni moto. Magari haya hutumia kabureta, na mipira yake ya mafuta imezeeka. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri; seuze katika jua la mchana wetu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini kama maji, ukatafuta bonde na shimo. Sasa fikiri, ndugu msomaji, jinsi miji yetu ilivyojengwa. Gari liko uani, na hatua chache kutoka hapo pana jiko la kuni lenye chungu cha maharage. Anayefungua tangi haoni moto, na anayepika haoni petroli, lakini mvuke huwaunganisha wote wawili. Kwa hiyo kazi ya petroli ifanywe mbali na jiko, mahali penye upepo, bila ya sigara, na bila ya taa ya utambi. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu, pamoja na ule mtungi mdogo wa unga wa kuzimia moto unaopasa kuwamo garini. Maji yasimwagwe juu ya petroli inayowaka, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na kusafiri nayo. Lakini mtu aliyeungua, huyo amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno au mafuta.

Taifa letu limekwisha kupewa somo hili kwa machozi. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika, na ikalipuka. Waliokufa siku ile na katika siku zilizofuata hawakupungua 100. Waliokuwapo pale hawakuwa wajinga wala hawakutamani kufa. Hawakujua tu kwamba mahali walipokuwa wamesimama palikuwa pamekwisha kujaa mvuke, na kwamba cheche moja ilitosha. Uani kwa mtu mmoja mafuta ni machache kuliko yale, lakini tabia ya petroli ni ile ile.

Katika mlango huo huo yaingia desturi mbili ambazo twaomba zikomeshwe. Ya kwanza ni kuchomelea tangi la petroli lililotoboka. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa lililojaa lina mafuta na lililo tupu lina mvuke uliochanganyika na hewa, tayari kwa kulipuka. Kulisuuza mara moja kwa maji hakutoshi. Ya pili ni kufyonza petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Kinachoua hapo si ladha mbaya. Ni tone linaloteleza na kuingia mapafuni badala ya tumboni. Mtu aliyemeza petroli asilazimishwe kutapika, kwa maana atakapotapika itapita tena karibu na njia ya pumzi. Apelekwe hospitali upesi.

Betri nayo haina budi kuheshimiwa. Inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka, na maji yake ni tindikali inayopofua macho. Fundi hufundishwa kutoa kwanza waya wa hasi. Kwa magari mengi ya leo hilo ni sahihi. Lakini magari mengi ya Kiingereza yaliyoundwa kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 yalifungwa kinyume. Waya wa chanya ndio uliounganishwa na bodi. Basi kanuni isiyodanganya ni hii: tazama ni waya gani unaokwenda kwenye bodi ya gari, uutoe huo kwanza na uurudishe mwisho. Hapo spana ikigusa bodi, haitapiga cheche usoni pako.

Tumeyataja mambo yanayoua kwa dakika moja. Lipo moja linaloua kwa miaka 30. Lainingi za breki na pleti za klachi za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Mtu akifungua dramu ya breki hukuta vumbi jeusi, na kwa mazoea hulipuliza kwa mdomo au kwa pampu ya upepo. Vumbi hilo lina nyuzi ndogo zisizoonekana, nazo zikiingia mapafuni hazitoki. Maradhi yake, pamoja na saratani ya utando wa mapafu, huja baada ya miaka 20, 30 au 40, wakati fundi amekwisha kusahau ni breki gani aliyoifungua. Kwa sababu ya madhara haya Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999. Magari iliyoyaunda kabla ya hapo bado yako nyanjani mwetu. Dawa yake ni rahisi: vumbi lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kitiwe katika mfuko, kifungwe na kufukiwa mbali. Watoto wasiwe karibu. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto mchanga.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kizungu, na kwamba fundi fulani amelala chini ya magari kwa miaka 30 bila ya kudhurika. Twamheshimu fundi huyo. Lakini anayetusimulia ni yule aliyesalia. Waliolaliwa na gari hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Aidha, ushujaa si kipimo cha ufundi. Hatumsifu daktari kwa kupasua bila ya kunawa mikono, wala hatumsifu nahodha kwa kuvuka ziwa wakati wa dhoruba bila ya kuchukua jaketi za kuokolea. Kwa nini basi tumsifu fundi kwa kulala chini ya jeki? Fundi hodari ni yule anayeondoka jioni na vidole vyake vyote kumi.

Wengine watasema kwamba ni umaskini. Twakubali kwamba umaskini upo. Lakini tufanye hesabu. Vipande vinane vya mti mgumu, kabari nne, ubao mmoja, ndoo ya mchanga, na miwani ya kufunika macho, gharama yake yote haifiki bei ya tairi moja jipya. Hospitali ya Nyakahanga iko karibu, nasi twashukuru. Lakini aliyevunjika kiuno au kuungua nusu ya mwili aweza kupelekwa mpaka Bukoba, au mpaka Bugando huko Mwanza, na jamaa zake wakauza ng'ombe na sehemu ya kibanja. Umaskini wenyewe ndio unaotutaka tujikinge, kwa sababu maskini hana akiba ya kununulia mguu mwingine.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Nani ana wajibu? Sheria ya zamani ya viwanda iliyotungwa wakati wa ukoloni, mwaka 1950, ilitumika mpaka ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015. Hizo ni hatua njema. Lakini kijana anayeshika spana uani kwa mtu, yule tunayemwita spanaboi, hana mkataba wala hajulikani kwa mwajiri yeyote aliyeandikishwa. Leo yuko kwa mzee huyu, kesho yuko kwa yule. Akiumia, kila mmoja husema kwamba si wake. Fundi mkuu husema gari si langu. Mwenye gari husema fundi hakuajiriwa nami, nilimwita tu. Hapo ndipo msemo wetu unapoletwa kufunika mjadala: ajali haina kinga.

Sisi twasema kwamba mwenye gari ndiye mwenye wajibu wa kwanza. Uwanja ni wake, gari ni lake, na faida ya kazi ni yake. Anapomwita fundi nyumbani, kwa muda ule yeye ni mwajiri, awe anapenda neno hilo au halipendi. Kwa hiyo si haki amwulize fundi bei ya kazi tu. Na aulize pia: gari litakalia nini? Akiona hapana kitu, asiruhusu kazi ianze. Na fundi mkuu ndiye mwenye wajibu wa pili. Asimtume kijana mahali ambapo yeye mwenyewe hangeingia. Kijana naye apewe haki ya kukataa kuingia chini ya gari lisilokalishwa, wala asiitwe mwoga wala asikatwe ujira wake kwa kukataa huko. Haki hiyo haihitaji kungoja sheria mpya; yahitaji heshima tu.

Viongozi nao wana sehemu yao. Halmashauri na serikali za vijiji zaweza kutenga kiwanja kimoja kilicho sawa, kikatiwa sakafu ya saruji na shimo la kukagulia magari, watu wakakitumia kwa ada ndogo. Si kila uwanja waweza kuwa gereji, lakini kata nzima yaweza kuwa na mahali pamoja pa salama. VETA inao mpango wa kuutambua ujuzi wa mafundi waliojifunza kazi nje ya vyuo. Yafaa mafundi wa Ndama, Kayanga, Nkwenda na Murongo waupate mpango huo, wapimwe, wapewe vyeti, na usalama uwe somo la kwanza badala ya kuwa ukurasa wa mwisho.

Ndugu wananchi, hatuombi motokaa za wazee zitupwe. Twataka zitembee miaka mingine 50, wajukuu waone jinsi babu zao walivyosafiri. Lakini tukubaliane jambo moja, tulianze Jumamosi hii, siku ambayo watu wengi hufungua magari yao: mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kwa kazi yoyote, kwa muda wowote, hata kama ni kuokota nati iliyoanguka. Anayeona jambo hilo likifanyika kwa jirani asipite kimya. Aingie uani, aseme. Gari likianguka juu ya mti, mti hununuliwa mwingine. Ajali ina kinga, nayo hupangwa kabla ya mtu kulala chini.